Msee wa Simu Mbovu Ndiye Kapteni

Leo tubonge story ya mbogi, na venye mbogi inaeza kaa pamoja hata ka kila msee ameishia side yake. Vijana mob wa Nairobi saii wanaishi hii story. Mlikuwa watano, mnashinda baze moja kutoka asubuhi hadi taa za barabara ziwake. Alafu form four ikaisha. Mmoja akaitwa campo Eldoret. Mwingine akapata job ya security Doha, akapanda ndege na begi moja. Wa tatu anaendesha nduthi Kayole, na siku yake haiishi kabla ya saa mbili usiku. Wa nne alirudi ocha Bungoma kushikilia shamba na mathe. Wa tano ndiye alibaki mtaani, na akipita baze anapata watoi wengine wamekalia yale mawe, hata jina yake hawaijui.

Urafiki ka huo huuawa na kimya. Hakuna msee alimkosea mwingine. Ni vile hakuna kitu mnafanya pamoja tena, na wasee wengi hatukulelewa kupigiana simu tuulizane hisia. Sisi hubonga mikono ikiwa na kazi: mkiosha mathree, mkipiga ball, mkichoma mahindi. Story za maana hutoka hapo katikati, msee akiwa hajapanga kuzisema. Gemu ya online inarudishia mikono kazi. Ndio maana naipenda na ndio maana naitetea.

Lakini kuna sheria moja wasee husahau, na bila hiyo mbogi haidumu mwezi. Mbogi ya gemu hupangwa kuanzia kwa msee mwenye simu mbovu kuliko wote. Yeye ndiye kapteni: yeye ndiye anachagua gemu, na yeye ndiye anachagua seva, ile kompyuta inaendesha mechi. Ukianzia kwa yule mkali mwenye simu ya laki moja, wengine watajikokota hadi wachoke, na mwishowe atabaki akicheza na wasee hata hawamjui.

Banda ilikuwa inatupimia sawa

Ukitaka kuelewa hii sheria imetoka wapi, kumbuka banda za PlayStation. Kila mtaa wa Eastlands ulikuwa nayo: mabati, TV mbili tatu za mgongo mkubwa, benchi ya mbao, na mwenye banda amekaa kwa mlango akikusanya ganji. Unalipa ashu ama mbao unacheza gemu moja. Ukichapwa unaamka, mwingine anakaa. Wale wa kungoja walikuwa mob kuliko wale wa kucheza, na hapo kwa benchi ndio urafiki ulipikwa. Ulijua nani analia akifungwa, nani anasaidia mtoi ashike pad vizuri, nani anaeza kukulipia ukiwa umesota.

Sasa cheki hii. Kwa banda mashini ilikuwa moja. Mtoi wa mbuyu mwenye ndai na mtoi ambaye hajadish lunch walishika pad ile ile, wakaangalia TV ile ile. Mkali alishinda juu ya vidole vyake, basi. Simu zilipokuja, kila msee akaanza kubeba mashini yake mfukoni, na hapo usawa ukaondoka. Mmoja ana skrini laini ka maji, mwingine ana simu inashika moto baada ya dakika kumi na kujizima. Wote ni mabeshte, wote wanapenda gemu, lakini hawako kwa benchi moja tena. Kazi ya mbogi ni kuirudisha ile benchi.

Corona ndio ilitusukuma online kabisa. Kesi ya kwanza Kenya ilitangazwa 13 Machi 2020, shule zikafungwa siku chache baadaye, na kuanzia 27 Machi kafyu ikaingia, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Banda zikafungwa. Baze ikawa ngori, juu makarao walikuwa wanazunguka na rungu. Bahati ni kwamba gemu za simu zilikuwa zimeshafika: Free Fire ilitoka 2017, PUBG Mobile 2018, na Call of Duty Mobile ikashuka 1 Oktoba 2019, miezi michache tu kabla ya dunia kufungwa. Hata WHO, shirika la afya la dunia, lilisapoti kampeni ya kuambia watu wacheze gemu wakiwa mbali mbali lakini pamoja. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa. Lakini wasee walikuwa washazoea kukutana kwa skrini, na wale walikuwa wanaanza kutawanyika wakabeba hiyo tabia hadi huko wameenda.

Uliza RAM kabla uulize skili

Basi unaanza aje? Kabla mtu adownload kitu, uliza maswali matatu kwa group. Simu yako iko na RAM ngapi? Nafasi imebaki ngapi? Wewe huingia na Wi-Fi ama na data ya kununua? Majibu ya yule wa chini kabisa ndio ramani yenu.

Ka yule wa chini ako na simu ya RAM ya GB 2, nendeni Free Fire. Garena wa Singapore ndio huitoa, imetengenezwa iingie kwa simu za chini, na mechi ni wasee 50 kwa kisiwa, karibu dakika kumi imeisha. Hiyo dakika kumi ni kitu kubwa kwa msee wa nduthi. Anaeza cheza moja akingoja kastoma, na akiitwa hajaacha mbogi ikiteseka kwa muda mrefu. Ka simu zenu zote zina nguvu kidogo, Call of Duty Mobile iko na zile mechi fupi za watano kwa watano, kwa ramani ka Nuketown ama Crash, zinaisha upesi na zinabamba. PUBG Mobile ni safari: wasee 100 wanarushwa kutoka kwa ndege, na ramani ya Erangel ni kilomita nane kwa nane. Mechi nzuri inaeza kula nusu saa. Hiyo ni ya Sato usiku wakati hakuna mtu anakimbia, na inataka simu yenye nafasi.

Ukishaingia, weka picha chini. PUBG Mobile inaita hiyo seti Smooth, na simu dhaifu hupumua hapo. Toa kava ya simu ikishika moto. Zima app zingine zote. Usicheze ikiwa kwa chaji, juu joto ya chaji na joto ya gemu zikikutana simu inajipunguzia spidi yenyewe, na unaanza kuona mchezo ukiruka ruka.

Data nayo wasee huogopa bure. Gemu yenyewe ikishaanza haili MB mob, juu haitumi picha, inatuma namba tu: uko wapi, umeangalia wapi, umepiga ama hujapiga. Kitu inaua bando ni apdeti. Hizo huja za GB, na msee mmoja akikosa kuapdeti hawezi ingia mechi na nyinyi. Hapa ndio mbogi inajulikana ka ni mbogi. Mwenye Wi-Fi kwa keja afungue mlango siku ya apdeti. Aliye campo amshow yule ako karibu naye apitie hostel. Na ka msee wa ocha hawezi pata GB hizo hadi wikendi, mbogi ingoje wikendi. Mkimruka mara mbili, mara ya tatu hatauliza tena, na mtadhani amechoka na gemu kumbe alichoka kuachwa.

Bila data, bado mnacheza

Kuna wasee hawajui hii na inaniuma. Kuna gemu hazihitaji intaneti hata kidogo, mradi mko karibu. Mini Militia ndio mfalme wa hiyo kitu. Msee mmoja anawasha hotspoti, data imezimwa, wengine wanajiunga na hiyo hotspoti ka Wi-Fi ya kawaida, mmoja anafungua mechi na wengine wanaiona. Simu zinabonga zenyewe kwa zenyewe hapo kwa room. Hata shilingi moja haijatoka. Desemba mkienda ocha, mko mabinamu kumi kwa nyumba ya shosh na network iko pale juu ya mlima tu, hii ndio inawaweka kwa mkeka mmoja. Kitu ya kucheki ni versheni: simu zote ziwe na gemu ya versheni ile ile, la sivyo hamuonani.

Minecraft pia inafanya hivyo, na ni tamu kwa wasee hawapendi kupigana risasi. Mnajenga. Mmoja anachimba, mmoja analima, mmoja anatengeneza nyumba. Lakini chunga hapa, juu mabeshte wengi wamekwama. Minecraft ya simu inaitwa Bedrock. Kwa laptop kuna Bedrock na kuna Java, na hizo mbili haziingiani vivi hivi. Ka wewe uko na simu na beshte wako anataka kutumia laptop, mwambie afungue ile ya Bedrock. Hapo mtaingia dunia moja hata mkitumia mashini tofauti.

Na kwa wale wa campo wenye kompyuta za zamani, Counter-Strike 1.6 haijawahi kufa. Ilianza 1999 ikiwa kitu wasee wawili wametengeneza juu ya gemu ingine, versheni ya 1.6 ikatoka 2003, na hadi leo kompyuta imechoka aje inaibeba. Mnahitaji swichi moja na waya za mtandao, ama hata raouta isiyo na intaneti. Mmoja anafungua seva kwa kompyuta yake, anasoma namba ya IP kwa sauti, wengine wanaiandika, na hostel yote inaingia. Pingi inakuwa ndogo hadi hauioni.

Bahari iko katikati yenu

Nimetaja pingi, na hapa lazima tukae kidogo, juu hii ndio huvunja mbogi nyingi na wasee hawaelewi ni nini.

Pingi ni muda ambao habari yako inachukua kutoka kwa simu, ifike kwa seva, na irudi. Inapimwa kwa milisekunde. Seva ndiyo refa. Wewe ukikimbilia nyuma ya ukuta, kwa skrini yako umeshajificha. Lakini ka pingi yako ni 250, refa bado anakuona ukiwa nje, na adui akikupiga hapo, umededi. Unaanza kulia gemu ni ya wizi, kumbe habari yako imechelewa tu njiani. Chini ya 60 ni raha. 100 na kitu unaishi nayo. Ikipita 200, ni mateso.

Njia yenyewe ni bahari. Zamani intaneti ya Kenya ilikuwa inapanda satelaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ishuke, alafu jibu lipande tena na kushuka tena. Hiyo safari peke yake ilikuwa inakula karibu nusu sekunde. Hakuna gemu ya risasi inachezeka hapo. 2009 ndio mambo yalibadilika, waya za chini ya bahari zilipofika Mombasa. Moja ni TEAMS, ambayo inatoka Mombasa hadi Fujairah, pale Emirates, karibu kilomita 5,000. Ndani ya waya mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Piga hesabu: kwenda milisekunde 25, kurudi 25. Hamsini. Njia halisi huwa na kona na vituo, kwa hivyo inaongezeka, lakini unaona kwa nini seva ya Middle East inafaa msee wa Nairobi kuliko ya Marekani.

Na cheki venye hiyo inakutana na maisha. Waya ile ile inaenda upande wa Ghuba, na huko ndiko mabeshte wetu wengi wanafanya kazi. Mkichagua seva ya Middle East kwa PUBG Mobile, wa Doha ako karibu nayo kabisa, wa Nairobi ako sawa, na wa Bungoma anasukuma. Hakuna anabeba mzigo wote peke yake. Kwa Free Fire kuwa makini zaidi, juu akaunti inafungwa kwa eneo ulilofungulia. Beshte wako akifungua akaunti mpya akiwa nchi ingine, mnaeza jikuta hamuonani kabisa. Amwambie mbogi kabla afungue, na ile akaunti ya zamani aishikilie vizuri.

Wakati mwingine shida si yako wala ya simu yako. 12 Mei 2024 waya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani ikawa nzito siku hiyo. Wasee walikuwa wanarestart raouta bila kujua kitu imekatika iko chini ya maji. Siku ka hizo zima gemu mkabonge tu kwa simu ya kawaida.

Kwa keja pia kuna kitu unaeza fanya. Raouta nyingi siku hizi ziko na laini mbili za Wi-Fi, 2.4 na 5 GHz. Ukiwa room moja na raouta, tumia 5, haina msongamano. Ukiwa mbali na kuna kuta za mawe katikati, 2.4 ndio inapenya. Na ka plot nzima inatumia Wi-Fi moja, jua saa tatu usiku kila mtu ako kwa muvi. Wengine huhamia data ya simu kwa hiyo saa, na pingi inashuka.

Saa moja, na iheshimiwe

Mbogi bila saa ni ndoto. "Tutacheza baadaye" imezika mabeshte mob. Chagueni siku na saa, na tena muanzie kwa yule ako na ratiba ngumu. Soja wa Doha ako na shift ndefu, na wiki ingine ni usiku. Lakini ako na bahati moja: Qatar na Saudi ziko na saa sawa na Nairobi, dakika kwa dakika. Saa tatu yako ni saa tatu yake. Dubai wako mbele saa moja tu. Ka mbogi yenu iko na msee Dallas, ambako Wakenya ni wengi, huyo yuko nyuma masaa nane ama tisa kulingana na msimu, kwa hivyo saa tatu yenu ya usiku anakula lunch. Sande inaeza wafaa wote.

Saa ikishapangwa, iheshimu ka ahadi ya kukutana tao. Ukijua hautafika, sema mapema. Msee aliyetoka shift ya masaa kumi na mbili akanunua data ya mwisho ili mcheze, alafu akapata lobi iko tupu, anaumia kuliko venye ataonyesha. Hatasema. Ataandika "poa" na kuzima simu.

Maiki ndio baze yenyewe

Wasee wengi hudhani utamu wa gemu uko kwa kushinda. Mimi naamini uko kwa maiki. Sikiza mbogi ikicheza: "Cheki huyo kwa dirisha." "Ako digrii 210, nyuma ya mti." "Nimeangushwa, kam unichukue." "Tulia, nakam, usitambae huko nje." Hapo mtu anaacha bunduki nzuri akapigwe risasi ili amwamshe beshte yake. Alafu kukinyamaza, mkiwa mnakimbia kutoka Pochinki, pale Erangel, kufuata duara salama, mmoja anasema, "By the way mbuyu alilazwa jana." Na story inaanza. Hakuna mtu amemkazia macho, kila mtu anaangalia skrini yake, kwa hivyo anaeza sema yote. Nimesikia mabeshte wakisema kwa maiki vitu ambavyo kwa baze hawangetamka: job imeisha, dem ameishia, kichwa haiko sawa.

Ndio maana mbogi inafaa kuwa na tabia chache. Weka maiki kwa chaneli ya timu yenu pekee, usifungulie wasee wa nje. Ukidedi wa kwanza, usiondoke. Kaa uangalie mabeshte, waambie adui alikuwa wapi, piga story. Mkali wa mbogi asifokee yule mgeni. Aende na yeye, amwangushie risasi na dawa, amfundishe polepole. Na msee akinyamaza zaidi ya kawaida yake, mtu mmoja amtafute baadaye pembeni.

Madem wako kwa lobi pia

Hii naisema bila kuzunguka. Madem wanacheza, na wanacheza vizuri. Sylvia Gathoni, yule wanamwita QueenArrow, ni Mkenya na alisainiwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming 2018 juu ya Tekken. Lakini dem wa kawaida akifungua maiki na wasee hawamjui, mara nyingi anatukanwa ama anatongozwa kabla mechi ianze. Wengi wameamua kucheza kimya, na kucheza kimya ni kunyimwa nusu ya gemu. Ka siz yako ama beshte yako wa kike anataka kuingia, mwingize kwa mbogi ambayo iko na adabu. Msee akileta upuzi, mmute, muripoti, mtoe. Mbogi ambayo inanyamaza hapo imeshachagua side.

Watoi nao wako, wengi wakitumia simu ya mathe. Chungeni mnavyobonga mkiwa nao, na mfundishe mtoi asipeane jina kamili, shule wala mtaa kwa msee hamjui.

Na chungeni ganji. UC, CP, diamonds, zile sarafu za ndani ya gemu, hizo zote ni doh halisi ya M-Pesa. Nunua kwa gemu yenyewe. Msee akikushow anauza nusu bei na anataka password yako "aingize" mwenyewe, huyo anaenda na akaunti. Usimpe mtu yeyote password wala ile namba inakuja kwa SMS, hata akijiita beshte, juu akaunti za mabeshte huibiwa na kutumika kuibia wengine. Na kwa mbogi msichekane juu ya skini. Nguo za gemu hazipunguzi risasi, na yule amevaa ile ya bure pengine wiki hii ametuma fees ya mdogo wake.

Usiku pia ni wa kulala

Gemu ikikula usingizi, job na masomo, hiyo si mbogi tena. WHO lile lile lililosapoti watu wacheze wakati wa corona ndilo liliingiza ugonjwa wa gemu kwa orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanasema dalili ni msee kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata maisha yakiharibika. Hiyo ikionekana kwa beshte, mbogi ndio ya kwanza kujua, juu nyinyi ndio mnaona ako online saa tisa usiku kila siku. Mwambie. Pangeni saa ya kufunga, na kapteni akisema "ya mwisho", iwe ya mwisho. Msee wa nduthi ako barabarani saa kumi na mbili asubuhi, na macho yake yanabeba abiria.

Sasa fungua orodha yako ya mabeshte ndani ya gemu. Utaona majina yamewaka kijani, na utaona jina moja ama mbili zimekaa jivu miezi. Pengine simu iliibiwa. Pengine iliuzwa kulipa rent. Pengine ni yule hakuweza kupata GB za apdeti, na mbogi ikaendelea bila yeye. Huyo usimtumie mwaliko wa gemu, hataona. Mpigie simu leo, umuulize ako aje na ana simu gani saii. Akikushow ana kabambe ya kupiga na kupokea tu, basi mbogi ichange mbao mbao hadi apate simu, na kabla apate, ile saa yenu ya Sande muitumie kumpigia. Gemu ingine itatoka mwaka ujao, na ingine baada ya hiyo. Msee mmekua naye mtaani hatoki mara mbili.